Kuwa mlezi wa kambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila siku, mengine yanaulizwa kwa kunong'ona baada ya semina kuisha manake watu wanaona aibu kuyauliza mbele za wengine. Nimeanza na yale ya mwanzo kabisa, magumu yako mwishoni. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo mambo ya umri, fomu na posho thibitisha na ofisi ya ustawi wa jamii ya huko uliko, ila kazi yenyewe ya kulea haina tofauti kubwa popote.

## Mambo ya msingi

Mlezi wa kambo ni nani hasa?

Ni mtu mzima aliyechunguzwa na kuidhinishwa na serikali au shirika lenye kibali, anayemlea nyumbani kwake mtoto ambaye kwa wakati huo hawezi kukaa na wazazi wake. Hapa hatuongelei mume mpya wa mama wala mke mpya wa baba. Mtoto anakula kwako, analala kwako, unampeleka shule na hospitali, lakini kisheria hajawa wako.

Msingi wake uko kwenye Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 20, kinachosema mtoto aliyekosa mazingira ya familia yake ana haki ya kupata ulinzi na msaada maalumu wa serikali. Malezi ya kambo yametajwa palepale, pamoja na kafala ya sheria ya Kiislamu (kumlea mtoto wa mwingine bila kumfanya wako kisheria), kuasili, na ikibidi kabisa, makao ya watoto.

Ina tofauti gani na kuasili?

Ukiasili, mahakama inakufanya mzazi moja kwa moja na mtoto anakuwa wako kama uliyemzaa, urithi na kila kitu. Malezi ya kambo ni ya muda, hata kama huo muda ni miaka, na mara nyingi lengo la kwanza ni mtoto arudi kwao wazazi wakishakaa sawa. Ukiingia huku moyoni unatafuta mtoto wa kubaki naye moja kwa moja, sema mapema uelekezwe kwenye kuasili, usije ukajikuta unamwombea mama wa mtu ashindwe. Hilo linawapata watu wazuri kabisa na linamuumiza mtoto, manake anasikia hata usiposema.

Kwa nini wasipelekwe tu kwenye makao ya watoto?

Kwa sababu mtoto, hasa mdogo, anahitaji mtu wake, sio zamu za wafanyakazi. Kuna utafiti maarufu ulioanza Bucharest, Romania, miaka ya 2000 mwanzoni, watoto 136 waliokuwa wanalelewa kwenye taasisi wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwa walezi wa kambo. Waliopata familia walienda mbele kwenye akili na kwenye kujenga ukaribu na watu, na waliofaidika zaidi ni waliopelekwa kabla ya kufika kama miaka 2. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 nayo inataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 3, walelewe kwenye mazingira ya familia.

Hiyo miongozo inasema pia kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi wanakuja wakidhani kazi yetu ni kuwachukua watoto wa maskini. Hapana. Familia kama inakwama kwa hela tu, inayotakiwa kusaidiwa ni hiyo familia.

Kuna aina ngapi za malezi haya?

Kuna ya dharura, unapigiwa simu saa 5 usiku na mtoto anafika kabla hujamaliza kutandika kitanda. Kuna ya muda mfupi wakati kesi inaendelea, ya muda mrefu pale inapoonekana kurudi kwao hakuwezekani, na ya mapumziko ambapo unamchukua mtoto siku chache ili mlezi wake apumue. Halafu kuna ndugu, bibi au shangazi, anayeidhinishwa kumlea mtoto wa ukoo wake. Unayeanza sio lazima uchague aina moja ya maisha, wengi wanaanzia kwenye mapumziko kisha wanasogea taratibu.

## Nani anafaa

Sijaoa au sijaolewa, sina mtoto, nimepanga nyumba, niko kazini. Naweza?

Sehemu nyingi unaweza, ila zipo nchi zinazoweka masharti kwa mlezi asiye na mwenzi kwa hiyo hilo liulizie. Umri wa chini nchi nyingi unaanzia miaka 21 au 25. Nyumba ya kupanga sio tatizo bora usiwe mtu wa kuhamahama na mwenye nyumba ajue kuna mtoto anakuja. Kazi nayo sio kikwazo yenyewe, wanachotaka kujua ni shule ikipiga simu saa 4 asubuhi kwamba mtoto kajifungia chooni na hataki kutoka nani anaenda, na kama jibu ni hakuna basi anza kulitafutia ufumbuzi kabla hujajaza fomu.

Lazima niwe na hela nyingi?

La, ila uwe unajitosheleza bila huyo mtoto. Posho tunaiongelea huko chini.

Nilishawahi kuwa na kesi, au nina ugonjwa wa muda mrefu.

Kosa lolote la kumdhuru mtoto au la kingono linafunga mlango, na ni sawa lifunge. Makosa mengine ya zamani yanaangaliwa moja moja. Ugonjwa, ukiwemo wa akili, swali ni kama umedhibitiwa na unafuata matibabu. Kinachowaangusha watu mara nyingi ni kuficha, manake wakikukuta umedanganya kwenye jambo dogo watajiuliza na mengine.

Mimi nataka sana ila mwenzangu anasitasita.

Subirini. Mtoto aliyekataliwa mara moja atahisi kabla ya wiki kuisha kwamba kuna mtu humu ndani hamtaki.

Watoto wangu wa kuzaa itakuwaje?

Waulize kabla, na uwaulize kwa maana ya kwamba jibu lao lina uzito. Watagawana chumba, vitu vyao vitavunjwa, na wewe utakuwa na muda mchache nao, hasa miezi ya mwanzo. Wengi wanakuja kuwa watu wenye huruma kweli kweli, lakini hiyo sio ahadi. Watengee kitu ambacho ni chao tu, droo yenye funguo, saa moja ya jioni na wewe bila mtu mwingine. Pia wafundishe mapema kwamba habari za mwenzao ni zake, hazisimuliwi shuleni.

## Kabla ya kuidhinishwa

Wanakuja kukagua nini nyumbani? Nipake rangi?

Usihangaike na rangi. Wanaangalia dawa zimewekwa wapi, maji yamefunikwa, moto na umeme viko salama, mtoto atalala wapi na kama ana faragha yake. Kitanda chake mwenyewe, hilo karibu kila mahali ni lazima.

Mbona maswali yao ni ya ndani hivyo?

Watakuuliza ulivyolelewa, uliwahi kupigwa, mnagombanaje na mwenzako, umeshafiwa na nani na ulilichukuliaje. Inachosha. Ila fikiria, mtoto akilia usiku analia palepale pako penye kidonda, mfano ulipoteza mtoto wako na hujawahi kuliongea, litakurudia siku ambayo huna muda wa kulishughulikia. Hawatafuti mtu asiye na historia, wanatafuta anayeijua historia yake.

Inachukua muda gani?

Kwa kawaida miezi kadhaa, kuna semina, ukaguzi wa polisi, vipimo vya afya, watu wa kukudhamini kwa neno, halafu jopo au afisa anaamua. Anayekuidhinisha kwa siku mbili bila kuja kwako mkimbie.

Naruhusiwa kuchagua mtoto?

Unachagua unachokiweza: umri, idadi, ulemavu unaoumudu. Na ukipigiwa simu unaruhusiwa kusema hapana, sema hapana bila kujielezea sana, ni heri kuliko kumrudisha baada ya siku tisa. Kuhusu ndugu wa tumbo moja, miongozo inataka wasitenganishwe bila sababu ya msingi, kwa hiyo mwenye nafasi ya wawili au watatu anatafutwa sana.

## Mtoto akishafika

Siku ya kwanza nifanye nini?

Fanya machache. Watu wanaandaa sherehe, majirani wamejaa sebuleni, mtoto amesimama mlangoni ameshika mfuko wa plastiki wenye nguo zake zote na haelewi acheke au alie. Toa watu. Mwonyeshe choo kiko wapi na taa inawashwaje, kwa sababu usiku ataogopa kuuliza. Mwonyeshe atakapolala na umwambie nani analala wapi humu ndani na nani anaruhusiwa kuingia chumbani kwake. Muulize anakula nini na hanywi nini, na akila vijiko viwili akaacha usimlazimishe.

Ule mfuko usiutupe, na nguo alizokuja nazo usizifue hiyo siku hata kama zinanuka, muombe ruhusa kwanza, manake ile harufu ndo kitu pekee cha kwao alichobaki nacho. Mkimaliza mtafutie begi la heshima liwe lake, akiondoka aondoke nalo.

Usimwahidi kwamba utakaa hapa mpaka lini wala kwamba mama anakuja kesho. Akiuliza, na atauliza, mwambie unachokijua na usichokijua mwambie sijui, nikijua nitakwambia siku hiyohiyo. Kisha kweli mwambie.

Wiki za mwanzo alikuwa mpole mno, sasa amegeuka. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea popote. Mtoto mgeni anasoma nyumba kwanza, anaosha vyombo bila kuambiwa, anasema asante kwa kila kitu, na watu wanafurahi kumbe anaogopa. Akianza kurusha vitu na kupiga mlango mara nyingi ndo ameanza kujaribu kama hata akiwa hivi bado mtamtaka. Najua inaumiza, na sio kila vurugu ni dalili njema, ikihusisha kujiumiza au kuumiza wenzake piga simu kwa afisa wako wa ustawi wa jamii hapohapo. Lakini kwa wengi hicho ni kipimo, na kinafaulu kwa wewe kuwa yuleyule Jumatatu na Ijumaa.

Nimekuta mkate mkavu chini ya godoro. Anaiba chakula?

Haibi, anaweka akiba. Aliyelala njaa haamini kwamba kesho kutakuwa na chakula kwa sababu tu wewe umesema. Usimwite mbele ya wenzake wala kufunga kabati. Mpe boksi lake lenye mfuniko, jazeni pamoja vitu visivyooza, liwe chumbani na asiombe ruhusa kulifungua. Kuna watoto wanamaliza boksi zima siku ya kwanza, lijaze tena. Itachukua muda, miezi pengine, halafu siku moja unakuta halijaguswa.

Anakojoa kitandani na ana miaka 9.

Mpeleke kwa daktari kuondoa wasiwasi wa ugonjwa, weka plastiki chini ya shuka, shuka la pili liwe karibu ajibadilishie mwenyewe bila kuamsha nyumba. Hakuna kuanika godoro mahali watu wanaona, na hakuna adhabu. Hofu ni ileile ya kwenye swali la mkate.

Naruhusiwa kumchapa kidogo tu?

Hapana. Hata kidogo. Kwanza walezi wa kambo sehemu nyingi wanasaini kabisa kwamba hawatampiga mtoto, pili huyu ameshapigwa na watu wazima na mwili wake haujui tofauti ya kiboko chako cha upendo na kile kingine. Kuna adhabu nyingine pia za kuacha: kumnyima chakula, kumfungia ndani, kumkatalia kuonana na ndugu zake, na ile sentensi ya "nitakurudisha". Hiyo ya mwisho ukiisema mara moja tu umebomoa kazi ya mwaka.

Badala yake sheria ziwe chache, zijulikane, na tokeo lifanane na kosa: umemwaga, tunafuta wote. Akiwa amepandisha hasira usimfundishe kitu, kaa karibu, ongea pole pole, somo linasubiri.

Akiniambia alifanyiwa kitu kibaya na mtu?

Msikilize mpaka mwisho. Usiahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie hili siwezi kulibeba peke yangu kwa sababu nataka uwe salama, nitamwambia fulani tu. Usimhoji, usimuulize "alikushika hapa?", maswali ya kumwekea maneno mdomoni yanaharibu kesi. Andika siku hiyohiyo kwa maneno yake yeye, hata kama ni maneno ya kitoto au matusi, na toa taarifa kwa afisa bila kusubiri asubuhi. Mtuhumiwa usimpigie.

Aniite nani?

Anavyotaka. Wengine mama, wengine anti, wengine jina tu. Usimwombe akuite mama, na akikuita usimkataze, mama yake ataumia akisikia lakini hilo ni la watu wazima kulimaliza.

Nywele, picha, safari, dini: naamua mimi?

Mambo ya kila siku unaamua, chakula, saa ya kulala, marafiki. Mengine lazima uulize: kumkata nywele (ndiyo, hata nywele, kwa mzazi inaweza kuwa jambo kubwa sana), kumtoboa masikio, upasuaji, kusafiri naye nje ya nchi, kubadilisha shule. Jina lake na dini yake haviguswi. Picha yake kwenye mitandao usiweke, hata ya mgongoni, hata kwenye status, manake kuna watu anafichwa wasijue alipo.

## Wazazi wake

Kwa nini nikutane na watu waliomtesa mtoto?

Kwanza sio wote waliotesa. Wapo wagonjwa, wapo waliofungwa, wapo waliozidiwa na ulevi, wapo akina mama walioshindwa kumkimbia mwanaume anayewapiga. Pili, mtoto ni nusu ya kila mmoja wao, ukimsema mama yake vibaya anasikia kwamba na yeye nusu yake ni mbaya. Panapokuwa na hatari ya kweli mahakama au afisa atazuia au ataweka msimamizi, hiyo sio kazi yako kuamua.

Unapokutana naye mama wa mtoto muulize vitu ambavyo ni yeye tu anajua: anabembelezwaje, wimbo gani, anaogopa nini, jina la utani. Muulize na uandike mbele yake. Mwanamke aliyekuja amekunja uso tayari kwa ugomvi, ukimuuliza hivyo mara nyingi anakaa chini, na mtoto akiona nyie wawili mnaongea mabega yake yanashuka.

Kila akitoka kuonana nao anavuruga siku mbili. Si bora isitishwe?

Hili ndo swali linaloongoza. Kuvuruga baada ya kuonana sio ushahidi kwamba kuonana ni kubaya, kunaweza kuwa ni uchungu wa kuagana, na angekuwa hasikii kitu ndo ningeogopa. Siku hiyo punguza mambo, chakula anachokipenda, hakuna wageni, homework isubiri. Usimpokee na "mama alisemaje?". Andika ulichoona, saa ngapi kaamka, kala nini, kasema nini, sio "mama yake kamvuruga". Maandishi yakirudia kitu kilekile kila mara, afisa atakuwa na cha kufanyia kazi, labda muda upunguzwe au mahali pabadilishwe.

## Hela na karatasi

Nalipwa?

Sehemu nyingi kuna posho ya mtoto: chakula, nguo, shule, nauli. Nchi nyingine zinaongeza malipo ya mlezi mwenyewe, nyingine hazitoi kitu kabisa zaidi ya matibabu na shule. Uliza kwa maandishi kabla mtoto hajaja, posho inatoka lini na ikichelewa unamwona nani. Kutaka kujua hela sio tamaa, mlezi aliyefilisika hamsaidii mtu.

Daftari la kila siku lina umuhimu gani?

Mkubwa. Tarehe, alivyolala, dawa, michubuko na ilivyotokea, maneno muhimu, furaha zake pia. Linasaidia mahakamani, linakulinda wewe (soma swali la kutuhumiwa), na mtoto akikua anaweza kuomba kulisoma, kwa hiyo andika ukijua atasoma. Pembeni mtengenezee kitabu chake cha maisha, picha zilizochapishwa, tiketi, jina la mwalimu, jino lililong'oka lini. Watoto waliopita nyumba nne hawana mtu wa kuwaambia walianza kutembea lini.

## Maswali magumu

Nimeachiwa mtoto na jirani, au nimemwokota. Naweza kukaa naye tu?

Toa taarifa kwanza, polisi au ustawi wa jamii, siku hiyohiyo. Kukaa naye kimya kimya hata kwa nia njema kunaweza kuonekana umemwiba, na kuna mtu pengine anamtafuta. Ukitaka kumlea sema hapohapo, wakuchunguze.

Nikituhumiwa kwamba nimemdhuru?

Inatokea, hata kwa walezi wazuri. Mtoto anaweza kuchanganya matukio ya zamani na ya sasa, mzazi anaweza kulalamika kwa hasira, na saa zingine tuhuma ni za kweli ndo maana zote lazima zichunguzwe. Mtoto anaweza kuhamishwa wakati uchunguzi unaendelea. Usimpigie mtoto, usimshinikize aseme alidanganya, toa daftari, omba uelezwe tuhuma kwa maandishi na utafute mtu wa kukushauri kisheria.

Mzazi kaja mlangoni bila taratibu.

Mtoto aingie ndani na mtu mzima mwingine. Ongea na mzazi nje kwa heshima, mwambie hapa siwezi ila tupige simu sasa hivi tukupangie siku. Akitishia, polisi. Usiku huohuo andika.

Akitoroka?

Piga simu polisi na kwa afisa mara moja, usisubiri mpaka kesho eti atarudi. Wengi wanaenda kwao au kwa ndugu zao. Akirudi aoge, ale, alale, maswali yaanze akiwa ameamka, na swali la kwanza liwe kama kuna kitu hapa nyumbani kinachomkimbiza.

Nimechoka, siwezi tena.

Sema mapema, ukiwa bado una nguvu ya kumaliza vizuri. Omba mlezi wa mapumziko kwanza, wiki moja ya kulala inaweza kubadilisha kila kitu. Ikishindikana, mpango uwe wa wiki kadhaa, mtoto atembelee nyumba mpya kabla, na wewe ndo umwambie, sio asikie kwenye gari akiwa njiani. Mwambie hajafukuzwa kwa sababu ya ubaya wake.

Anarudi kwao na mimi nalia. Nimezoea kupita kiasi?

Umezoea inavyotakiwa. Kuna wanaoshauri usimpende sana usije ukaumia, mimi sikubaliani kabisa, aliyewahi kushikamana na mtu mmoja vizuri anaweza kushikamana na mwingine, hiyo anaondoka nayo. Lia, ila mbele yake mpe ruhusa ya kufurahi. Mpe begi lake, kitabu chake, na uandike kwa mama yake saa anazolala na dawa anazotumia. Kama mtaruhusiwa kuwasiliana baadae, iwe kwa kasi ya familia yake.

Naweza kumuasili baadae?

Inawezekana pale mahakama ikishaamua kurudi kwao hakupo tena, na baadhi ya nchi zinahesabu muda uliomlea. Usimwahidi mtoto mpaka karatasi zitoke.

Akitimiza miaka 18?

Kisheria malezi mara nyingi yanaishia hapo, ingawa nchi nyingine zinaongeza miaka kadhaa hasa akiwa masomoni. Anza kumwandaa akiwa na 15 au 16: kupika, kufua, kupanga bajeti ya wiki, kupanga foleni ya hospitali mwenyewe. Hakikisha kabla ya siku hiyo ana cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, rekodi ya chanjo, kitambulisho au maombi yake, na akaunti ya benki kwa jina lake, nakala nyingine ibaki kwako manake kwenye kuhamahama hivi vitu vinapotea. Na mweleze wazi, kabla hajauliza, kama anaweza kuja kwako likizo na kama kitanda kipo.